Dawa za Marehemu

Kliniki ninayochukulia dawa, mtu aliyeacha kuja huitwa mtoro. Ni neno la shuleni, na ukiitwa hivyo ukiwa mtu mzima, na wajukuu pengine, unajiona kama umeruka ukuta ukakamatwa na kiranja. Siku hizi wauguzi huniomba nikae na watoro wanaporudi, kwenye benchi la nyuma karibu na mizani, kabla hawajaingia kwa daktari. Mimi siwaulizi kwa nini waliacha dawa. Nawauliza, "Nyumbani unaishi na nani?"

Wengi hushangaa. Wamekuja wamejiandaa kusutwa, wameshapanga na uongo wao. Swali la nyumbani linawakuta hawana uongo.

Kijana mmoja anayeuza mikanda Mtaa wa Kongo alinijibu huku akicheka, "Naishi na masela wangu, mama, chumba kimoja. Tena na kunguni, ila hao hawachangii kodi."

"Na dawa unaweka wapi?"

Kicheko kikakatika. "Nilikuwa naweka kwenye begi. Kopo likitikisika wanasema, wee, karanga hizo unakula peke yako? Siku moja mmoja wao akataka kulifungua. Nikalitupa jalalani njiani naenda kazini. Afadhali nife kuliko wale wajue."

Alisema "afadhali nife" kirahisi, kama mtu anayechagua chai badala ya kahawa. Mama mmoja wa Jangwani aliingiliwa na maji ya mvua ndani, dawa zikaenda pamoja na magodoro, naye akaona aibu kurudi kuomba nyingine kwa sababu safari iliyopita alikuwa amegombezwa kwa kupoteza. Baba mmoja aliyenenepa vizuri tu aliniambia, "Nikiimeza nakumbuka. Nisipoimeza ni mzima kama wewe." Huyo sikumbishia siku ile. Nilimwambia nami naikumbuka kila asubuhi, nikimeza, na kwamba kukumbuka kunauma lakini hakuui. Akaondoka na dawa zake. Bado anakuja.

Nawaelewa kwa sababu nami niliwahi kuwa mtoro. Nitaeleza ilivyokuwa, taratibu, ili anayesoma hapa aone kwamba mtu anaweza kuacha dawa akiwa anazitaka kuliko chakula.

Niliolewa katika nyumba ya familia, Kariakoo. Ni moja ya zile nyumba za zamani zenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua kwa nyuma, ambazo sasa zimebanwa na maghorofa pande zote. Uani kwetu jua liliingia adhuhuri tu, likachungulia, likaondoka. Aliishi mama mkwe wangu, wifi yangu mkubwa ambaye hakuwa na mume wakati huo, shemeji na mkewe, na sisi. Mume wangu alikuwa na fremu ndogo, duka la vitambaa vya mapazia. Mimi na yeye tulipima virusi vya UKIMWI pamoja kabla ya ndoa, tukakutwa navyo wote wawili. Tulikaa kwenye ngazi za kliniki, kisha yeye akaniuliza kama bado nataka lile gauni la harusi lenye lesi. Tukaoana.

Hatukumwambia mtu. Siri ile ilitushinda pa kuiweka, maana nyumba yenye watu wengi haina droo isiyofunguliwa. Lakini mume wangu alikuwa na presha pia, presha ya kweli, iliyojulikana na nyumba nzima. Basi tukabandua karatasi kwenye makopo yetu, tukazimimina dawa zote pamoja na vidonge vyake vya presha katika chombo kimoja cha plastiki chenye mfuniko wa bluu, tukakiweka wazi juu ya kabati. Tulivitambua vidonge kwa umbo. Kila asubuhi aliniita akiwa chumbani, kwa sauti ya kusikika mpaka uani: "Mke wangu, presha!" Nami huacha ninachofanya, nakwenda na maji, tunafunga mlango, tunameza wote.

Wifi alikuwa akitutania. "Wenzetu presha yao inataka mlango ufungwe."

Tulicheka sana kwa ujanja ule. Tulipata binti, na kwa kuwa nilikuwa nameza dawa bila kuruka, virusi vyangu vilikuwa vimefubaa kiasi kwamba kipimo hakivioni. Ukiwa katika hali hiyo unanyonyesha, na hatari kwa mtoto huwa ndogo mno. Ukiacha dawa, virusi vinaamka, na vinapita kwenye maziwa. Hayo tulifundishwa kliniki na niliyashika vizuri. Nataka msomaji naye ayashike, kwa sababu ndiyo yaliyonitesa.

Binti alikuwa anaanza kukaa bila kuegemezwa mume wangu alipoanguka dukani, asubuhi, jora la kitambaa mkononi. Ilikuwa presha. Alizikwa kabla ya magharibi.

Kwetu mwanamke akifiwa na mume hukaa eda, miezi minne na siku kumi, ndani. Hajipambi, hatoki bila dharura. Katika nyumba ile ilikuwa pia kwamba haachwi peke yake. Mama mkwe alihamia chumbani kwangu na godoro lake, ili nisilale na upweke. Mashangazi walipokezana mchana. Walikuwa wema kwangu, na lazima niseme hivyo, kwa sababu ukisimulia jambo la namna hii watu hutafuta mbaya wa kumlaumu. Kwangu hakuwepo. Kulikuwa na wanawake waliokesha na msiba wangu, wakanipikia, wakanibebea mtoto.

Walipoanza kunisafishia chumba nikae eda mahali pasafi, nguo za marehemu zilifungwa kwa ajili ya kugawiwa. Viatu vikatolewa. Kisha wifi akakinyanyua kile chombo cha mfuniko wa bluu.

"Na hizi dawa zake za presha?"

"Toa," shangazi akasema. "Mtoto karibu ataanza kutambaa. Asije akaokota akameza."

"Niziweke ukumbini?"

"Za nini tena? Mwaga chooni, chombo kioshe, kitafaa kuwekea sukari."

Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, mtoto kifuani, natazama. Ningesema nini? Niachieni dawa za presha za mume wangu aliyekufa? Wifi alipita nazo mlangoni, nikasikia kandambili zake zinakwenda uani, mlango wa choo ukalia, ndoo ya maji ikamwagwa. Akarudi na chombo kikidondosha maji, akakifuta kwa upindo wa kanga.

Utasema kulikuwa na simu. Ilikuwepo. Lakini kuongea na kliniki mbele ya mama mkwe, katika chumba kimoja, ni sawa na kutangaza msikitini. Utasema dini inaruhusu. Inaruhusu, mwenye eda akiugua anapelekwa hospitali. Ila hapo ndipo penyewe: anapelekwa. Haendi. Wifi angenishika mkono mpaka mlangoni kwa daktari. Na kliniki, kila mgonjwa huandikisha msaidizi wake, mtu anayejua na anayeweza kumchukulia dawa. Msaidizi wangu alikuwa marehemu.

Simu yake ilichukuliwa na shemeji. Jioni moja akaingia ukumbini akauliza kwa sauti, "Hivi kaka alikuwa na mradi gani wa afya? Kuna dada kapiga anamtafuta, anasema hakuja tarehe yake."

"Presha hiyo," mama mkwe akamjibu kutoka chumbani kwangu. "Umemwambiaje?"

"Nimemwambia amefariki. Akasema pole, akakata."

Yule dada alikuwa akinitafuta mimi pia, nilikuja kujua baadaye. Alikuwa na namba moja tu ya nyumba yetu, na namba ile ilikuwa imemjibu.

Lakini hakuna lililonifunga mdomo kama jambo hili la mwisho. Watu wengi hawalifikirii wanapohesabu sababu za kuacha dawa. Siri ile haikuwa yangu peke yangu. Kila Alhamisi watu walikuja kumsomea marehemu. Walimtaja kwa heri, na ilikuwa kweli, alikuwa mtu wa heri. Kusema yangu ilikuwa kusema na yake, naye hayupo kujieleza, mbele ya mama yake. Nilimuona yule mama akikunja kanzu ya mwanawe akiinusa, nikasema moyoni, hapana, siyo leo. Na siku zote zikawa siyo leo.

Basi nikaamua nimwachishe mtoto ziwa. Ndilo nililoweza kulifanya nikiwa nimekaa. Nikasema maziwa yamekauka kwa huzuni, na kila mtu akaniamini, maana huzuni nilikuwa nayo. Lakini nilikuwa nimesahau nimezungukwa na nani. Mama mkwe alimtuma shemeji soko la samaki la Feri alfajiri akachague pweza. Alimponda mwenyewe uani, akamchemsha na pilipili manga na tangawizi mpaka nyumba nzima ikanukia, akaniletea bakuli kwa mikono miwili.

"Kunywa, mwanangu. Supu hii ilinirudishia maziwa nilipofiwa na baba yao. Kunywa yote, mjukuu wangu asilie."

Pweza aliletwa kila mara. Nilikunywa kwa kuwa alisimama pale akinitazama. Na maziwa yalikuwa hayajakauka hata kidogo, kifua kilinijaa mpaka kikawaka moto. Nilikamulia maziwa chooni, nikiyamwaga shimo lile lile lililomeza dawa.

Mtoto alikataa chupa. Alilia kilio cha kuvunja nyumba, na mashangazi wakakusanyika mlangoni.

"Mpe ziwa!"

"Hana maziwa, jamani, mwacheni."

"Hata likiwa tupu, ampe alale. Mwanamke gani anamtazama mtoto hivi? Amefiwa na baba, na mama naye amnyime?"

Kuna siku nilishinda. Kuna siku alichukuliwa mikononi mwa mtu, akawekwa kifuani kwangu, kanga ikafunuliwa kwa nia njema, naye akanyonya akishika kidole changu, akatulia, na wote wakashusha pumzi. Mimi nilitazama darini. Nilijua ninachompa.

Mwisho wa eda ulikuwa umekaribia mtoto alipoanza homa isiyoshuka na kukohoa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekonda, lakini kwa mfiwa kukonda ni heshima, hakuna aliyeuliza. Asubuhi moja mama mkwe alikuwa ameketi na ungo anachambua mchele. Mashangazi walikuwa hawajafika. Nikamwambia nina ule ugonjwa. Nikamwambia mtoto anatakiwa kupimwa, na dawa zangu ndizo zile zilizomwagwa.

Mkono wake uliendelea kuchambua. Akatoa chuya, akatoa kijiwe. Kisha akauliza, bila kuinua macho, "Na mwanangu?"

"Mwanao aliondoka kwa presha, mama."

Sikusema zaidi. Nilimwona akilipokea jibu lile kama mtu anayepewa kiti wakati miguu imemwishia. Mwanawe alikuwa safi. Basi aliyeuleta ugonjwa ndani ni mimi, na nilikoupata ninajua mwenyewe. Nililiona wazo hilo likimpita usoni, nikaliacha lipite.

Akasimama, akajikung'uta. "Vaa baibui. Naita bajaji. Wakiuliza, mtoto ana kifua."

Kliniki, muuguzi alinitazama akasema, "Umekuwa mtoro, mama," halafu akaniona vizuri, akanivutia kiti. Nilirudishiwa dawa siku ile ile. Mtoto alichukuliwa damu ya kisiginoni. Majibu ya kwanza yalikuwa mazuri, nikalia kwa furaha kwenye bajaji mpaka dereva akaniuliza kama nimefiwa. Majibu yaliyofuata, baada ya muda, hayakuwa mazuri.

Hapo ningeweza kuacha kusimulia. Lakini kuna jambo lililobaki, na ndilo linalonifanya niandike.

Eda ilipokwisha mama mkwe hakunifukuza. Alisema tu kwamba chumba kinahitajika. Nilihamia Mbagala, nikaanza kushona mapazia, kwa kuwa ndiyo kazi niliyokuwa nimeiona kwa mume wangu. Binti akakua. Dawa yake ni kidonge cha kuyeyusha kwenye maji, chenye ladha tamu, na huimaliza mpaka tone la mwisho, akalamba kijiko. Mwaka huu ameanza shule. Ana afya, ana kelele, ana meno mawili yaliyong'oka. Nawaambia wanaorudi kliniki: tazameni, huyu hapa. Sisemi hivyo kuwaficha kwamba naumia. Kuna asubuhi nakoroga kile kikombe na mkono unakuwa mzito.

Mama mkwe alimpenda mjukuu wake, hilo halikubadilika. Shule zikifungwa anamtaka Kariakoo. Alijifunza kuyeyusha kidonge, akakiweka katika utaratibu wake baada ya sala ya alfajiri, hakuruka hata siku moja. Hakuwahi kuuliza dawa inaitwaje. Nilimshukuru kwa hilo, nikidhani kutouliza kwake ndiyo stara.

Likizo iliyopita nilikwenda kumchukua mtoto. Jirani anayeuza vitumbua kwenye kibaraza cha pili akanisimamisha. "Pole, shoga, nasikia mtoto karithi presha ya baba yake. Bibi kaniambia. Mtoto mdogo vile! Mambo ya Mungu."

Nikamshukuru. Nikaingia ndani. Chumbani kwa mama mkwe, juu ya kabati, kulikuwa na kikapu cha dawa zake, maana naye presha imempata uzeeni. Kopo la binti yangu lilikuwa humo katikati, limebanduliwa karatasi. Nikakaa kitandani. Yule mama amezeeka, vidole vimevimba, anapumzika akivuka ukumbi. Niliona siku itakavyokuwa. Niliona chumba kinasafishwa. Niliona kikapu kinanyanyuliwa, na mtu mwenye huruma akisema mwaga, mtoto asije akaokota.

Alikuwa ameketi mlangoni anamsuka mjukuu. Nikamtuma binti akanunue kitumbua. Nikamwambia, "Mama, uliwahi kuniuliza swali, nikakujibu nusu."

"Swali gani?"

"La mwanao."

Akaweka kitana chini.

"Tulipima pamoja kabla ya harusi," nikamwambia. "Naye alikuwa nao ugonjwa. Hatukujua nani alianza, na hatukuulizana. Zile za mfuniko wa bluu zilikuwa zetu wote. Alinitunza mpaka siku ya mwisho."

Nilingoja akasirike. Nilikuwa tayari. Hakukasirika, wala hakulia. Alitazama ua kwa muda, pale jua lilipokuwa limeingia, na midomo yake ikawa inakwenda bila sauti. Aliponigeukia alionekana ameongezeka miaka.

"Na miaka yote hii nimekudhania," akasema.

"Najua."

"Na ulinyamaza."

"Alikuwa mwanao, mama."

Hakusema pole, nami sikuitaka. Alijiinua kwa kushika mwimo wa mlango, akaingia chumbani. Nikasikia kikapu kikivutwa. Alitoka na lile kopo, akapita nalo ukumbini mpaka kwenye kabati la vyombo, ambalo lina vikombe vya wageni na hakuna anayeruhusiwa kuligusa. Akasogeza vikombe, akalisimamisha kopo peke yake mbele ya kioo. Kisha akamwita wifi yangu, ambaye alikuwa anafua.

Wifi akaja na povu mpaka viwikoni. "Abee, mama."

"Unaliona kopo hili?"

"Naliona."

"La mtoto hili. Hata nikifa mimi, nikawa bado nimelazwa humu ndani, kopo hili halitupwi. Umesikia?"

"La nini?"

"Nimekwambia la mtoto."

Wifi akanitazama. Akalitazama kopo. Nadhani alikumbuka jambo, maana alificha mikono yake nyuma, povu likidondoka sakafuni.

"Nimesikia," akasema.